Alama ya Tatu Nyeupe

Kisiwani hapakuwa na aliyemwita Shangazi Chokaa kwa jina jingine, na mwenyewe hakulidai. Kazi yake ilikuwa kupaka chokaa alama mbili: kona ya ukuta wa karantini juu ya kilima, na jiwe kubwa chini ufukweni. Zamani wagonjwa wa melini walifungiwa nyuma ya ukuta ule, na boti iliyowapelekea chakula ilifuata alama hizo hizo. Karantini ikafa, mizizi ikala paa, alama zikabaki. Nahodha akiona weupe wa chini umekaa sawasawa chini ya weupe wa juu, ananyoosha usukani na kupita katikati ya miamba.

Nahodha wa kivuko alikuwa mwanawe.

Basi siku aliporudi boti imeparuzwa tumbo na uso umemsawajika, Shangazi alitupa brashi ya chokaa akamkimbilia.

"Mama, umepaka jiwe jingine?"

"Nimerukwa na akili?"

"Basi lipo. Jeupe pe! Nimelifuata hilo, nikajua leo ndiyo basi."

Shangazi akaenda kuliona. Kweli, upande wa mikoko, jiwe lililokuwa jeusi tangu azaliwe lilikuwa limegeuka jeupe. Kuna mtu anataka kuniulia mwanangu, alijisemea. Na mwenye chokaa nyingine kisiwani alikuwa mmoja tu: shemeji yake mwashi, ambaye alitaka kivuko kiendeshwe na mtoto wake yeye.

Tangu hapo hakumpa nafasi. Alichungulia viatu vyake, alinusa ndoo zake. Akipiga chafya, alitaka kujua vumbi la wapi.

"Shemeji," mwashi alicheka, "unanitazama kama jogoo wako yumo tumboni mwangu."

"Akiwika nitamsikia."

Alfajiri moja akajibanza nyuma ya ukuta wa karantini, macho kwenye jiwe. Kukapambazuka. Hakuja mwashi wala mtu. Jiwe lilikuwa limejaa ndege wa baharini, bega kwa bega, wakijisaidia bila haya.

Shangazi akakaa kitako. Ndege hao walikuwa wakilala kwenye mvinje mkubwa uliokuwa kando ya alama yake. Mvinje alioukata mwenyewe, kwa sababu matawi yaliziba jiwe lake.

Mwashi alimkuta amepiga magoti kwenye jiwe lile, anasugua.

"Umemkamata mwizi?"

"Nimemkamata."

"Nani?"

"Sugua, shemeji."

Wakasugua mpaka weusi ukarudi. Kisha mwashi akasimika nguzo mbali na njia ya boti, akafunga juu yake matawi makavu ya mvinje, ndege wapate pa kulala. Kabla mwashi hajaanza, Shangazi alichungulia ndani ya ndoo yake. Mazoea.

Alasiri kivuko kikapita katikati ya miamba, kimenyooka. Mwanawe alipunga mkono. Shangazi hakumwona, alikuwa akimkodolea macho ndege mmoja aliyezunguka juu ya jiwe, na kokoto alikuwa nayo mkononi.