Mafiga Yangu Chini ya Ndoo ya Kunawia

Niliisukuma ile ndoo kwa makusudi. Sikuteleza, wala mtoto hakunivuta, kama wifi yangu alivyojaribu kunitetea baadaye. Niliishika kwa mikono miwili nikaisukuma. Maji yote yakamwagika, kifuniko kikabingirika mpaka ukingoni mwa mto, na mlinzi wa geti, mzee mwenye barakoa kidevuni, akabaki amesimama na kipande cha sabuni mkononi.

"We mama mtoto, umechanganyikiwa?"

"Bado. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Umemwaga maji ya serikali!"

"Na serikali imekalia mafiga yangu."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya kunawa wakacheka. Mwanamke mmoja akasema huyo uzazi umempanda kichwani. Mimi sikucheka. Mtoto alikuwa mgongoni, beseni la samaki lilikuwa chini, na nzi walikuwa wameshaanza.

Asubuhi ile nilikuwa nimechukua kambale na perege kwa wavuvi, nikaingia nao mwaloni kuwakausha kama kila siku. Mama aliyekuwa akinikodisha sehemu ya moto akaniambia leo hakuna nafasi, amempa mtu mwingine aliyewahi. Nikageuka nitoke, nikatafute hata uani kwa mtu. Mlinzi akanikumbusha kwamba hata anayetoka ananawa. Nikainama chini ya koki. Ndoo ilikaa juu ya vibonge vitatu vilivyopakwa chokaa, na mimi nilikuwa nimenawa pale miezi yote ile nikijua ni kigoda tu cha matofali. Siku hiyo chokaa ilikuwa imebanduka kwa maji. Chini yake nikaona weusi wa moshi, na kwenye kibonge cha mbele nikaona mfuo aliouchonga mama yangu kwa panga ili mti wa chanja ya kukaushia ukae bila kuyumba.

Ndipo nikasukuma.

Mtu asiyekuja mtoni kwetu anaweza kuona nimegombania udongo, kwa hiyo nieleze. Bonde la Kilombero halina mawe. Unachimba tope, chini yake unakuta tope. Mafiga ya kukaushia samaki tunayakata kwenye kichuguu, tunayaanika, halafu tunayachoma moto wa taratibu mpaka yawe magumu. Yakishakuwa na umri hayapasuki ovyo. Mama yangu aliyakata yale kule Michenga, upande wa mashamba ya mpunga, akayaleta kwa baiskeli, figa moja kila safari. Alipochoka na moshi akaniachia mimi, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakunipeleka popote.

Na mwaloni, mahali ambapo wavuvi wanashushia samaki, kuna banda la umma la kukaushia. Halina namba wala mkataba. Sehemu yako ni pale mafiga yako yalipo. Ukifiwa, ukiugua, ukijifungua, unayaacha mafiga yako na majivu yake, na hakuna mtu anayeyagusa mpaka urudi. Nimeshuhudia mwanamke amekwenda Mahenge kuuguza mama yake msimu mzima, karudi, kakuta nafasi yake imejaa utando wa buibui, hakuna aliyeweka hata kijiti. Ndivyo tulivyoishi.

Kisha ukaja huo ugonjwa. Mwanzoni tuliusikia redioni kama habari ya watu wa mbali. Masika ile mto ulikuwa umejaa, samaki ni wengi, na wachuuzi walikuwa wakija na barakoa za kitenge wanazishusha kidevuni ili waonje. Wanawake wa bandani walitania sana. "Sisi hatuugui, tunajifukiza tangu tumezaliwa." Nami nilicheka, mimba ikiwa kubwa, macho yakitoka machozi kwa moshi.

Siku moja kamati ya mwalo ikaja na kipaza sauti. Mwalo umefungwa, banda limefungwa, choo na bomba vimefungwa, mpaka itakapotangazwa. Tukaambiwa tutoke bila kubeba vitu vizito ili kusiwe na msongamano getini. Nikamuuliza mwenyekiti wa kamati, tena kwa heshima, mafiga yetu je?

"Mafiga yana miguu? Yaache, mtayakuta."

Nikayaacha. Wote tuliyaacha. Nani angebeba mafiga wakati kuyaacha ndiko kunakoshikilia nafasi yako?

Nilijifungua mwalo ukiwa umefungwa. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka, yuko kambi za wavuvi huko juu ya mto ambako hakuna geti, na alichopata alikula hukohuko. Nilikaa chumbani kwa mama mkwe, huko Lumemo, nikila ugali na mboga za pembeni mwa nyumba. Kwetu mwanamke mwenye uzazi mchanga hakanyagi kwenye moto wa samaki mpaka siku zake za ndani ziishe. Wanasema samaki wataungua nje na kuoza ndani. Siamini, lakini wanaonunua wanaamini, na ukikanyaga kabla, hakuna atakayegusa samaki wako mwaka mzima. Kwa hiyo hata ningetaka kutoka, nisingetoka.

Na ndipo wakafungua.

Kufungua kwenyewe nilikusikia kutoka kitandani, gari la matangazo likipita barabarani. Mwalo unafunguliwa, wafanyabiashara wadogo watasaidiwa wainuke tena, njooni na barakoa. Niliposikia "watasaidiwa" nilimbusu mtoto. Mpumbavu mimi.

Mama mkwe akaenda badala yangu. Alirudi jua likiwa kali, akakaa kizingitini na viatu vyake mkononi.

"Wamesafisha," akasema.

"Wamesafisha nini, mama?"

"Kila kitu. Wamefagia banda, wamepulizia dawa. Mafiga ya watu wote wamekusanya, wamesema uchafu unaofuga vijidudu. Wamechora alama za chokaa chini, moja hapa, nyingine kule. Aliyesimama kwenye alama leo ndiye mwenye nafasi."

"Hukuwaambia nipo ndani na mtoto?"

"Nimewaambia. Nikawaambia mafiga yake yalikuwepo, kila mtu anajua. Mwenyekiti akaniambia, bi mkubwa, mafiga si mtu."

"Basi ungesimama wewe."

"Nilisimama, mwanangu. Wakaniondoa. Wamesema wazee wakae nyumbani, ugonjwa unawapenda."

Kwa sababu ya kuachiana nafasi, alama zilikuwa chache kuliko mioto tuliyokuwa nayo. Waliobaki nje ni wale ambao hawakufika siku ile: mimi niliyezaa, mmoja aliyekuwa na msiba, mwingine ambaye mguu ulikuwa umevimba. Yaani walewale ambao desturi ya mafiga iliwekwa kwa ajili yao.

Haikuchukua muda, kuachiana nafasi kukasahauliwa. Barakoa zikaisha, watu wakarudi kubanana, na zile nafasi za katikati, ambazo tuliambiwa ni za kuzuia ugonjwa, zikaanza kujaa. Hazikujazwa na sisi. Zilipewa kikundi cha akina mama waliosajiliwa, ambao ndio waliopata ule msaada wa kuinua biashara. Wengi wao hawajawahi kupasua kambale. Mmoja wao, shemeji wa mwenyekiti, ana duka mtaa wa Viwanja Sitini na kucha ndefu za rangi. Yeye ndiye aliyepewa pale pangu. Hakai kwenye moshi, hashiki kisu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, anapangisha.

Nilipotoka ndani nilimwendea na mtoto mgongoni. Nikamsalimia vizuri. Nikamwambia dada, hapo ulipokaa ni pangu tangu kwa mama yangu.

"Pole kwa uzazi," akanijibu, na kweli alionyesha huruma. "Mimi nimepewa tu, mdogo wangu. Ila sina roho mbaya. Utakuwa unakodi."

Nikakodi. Hapo ndipo hasira yangu inaponichoma zaidi ya yote, kwamba nilikubali. Nililipa kukausha samaki mahali ambapo majivu yangu yamechanganyika na ardhi. Nililipa kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya maziwa mepesi kama maji ya mchele na mimi sikuwa na kazi nyingine duniani. Kila nilipomaliza kulipa nilikuwa nabaki na ya kununulia samaki wa kesho tu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati mara nyingi. Mara yuko kikaoni, mara yuko msibani, mara ananiambia subiri ugonjwa upite kabisa. Nikasubiri. Nikawa namwamkia kila asubuhi kama mtoto wa shule, shikamoo, marahaba, basi.

Kwa hiyo siku nilipoona ule mfuo wa panga chini ya koki, sikuwa naona udongo. Nilikuwa naona kwamba walijua. Hawakuyatupa kama uchafu. Yaliyofaa waliyachukua, wakayapaka chokaa, wakayafanya kigoda cha usafi, halafu wakaniambia ninawe.

Baada ya ndoo kuanguka niliinama kulibeba lile figa la mbele. Likakatika mikononi mwangu. Maji ya kunawa yalikuwa yamelila taratibu miezi yote ile, ndani limekuwa laini kama keki. Nusu ikabaki kifuani kwangu, nusu ikadondoka kwenye tope la sabuni. Yale mawili mengine sikuyagusa.

Samaki niliwapeleka nyumbani. Jua lilipofika katikati matumbo yalikuwa yameshapasuka. Nikawachimbia shimo nyuma ya choo, wote, huku jirani akiziba pua kwa kanga.

Jioni ujumbe ukaja: nimefungiwa mwalo mpaka niombe radhi mbele ya kamati na ninunue ndoo mpya. Wifi yangu akaja mbio.

"Nenda kaombe radhi yaishe. Sema uliteleza. Utakula hasira?"

"Nikiomba radhi nitarudi wapi? Kukodi?"

"Si bora kukodi kuliko kukaa?"

Nilimtazama mtoto. Nikaona kabisa nikiwa na miaka arobaini, bado nakodi, bado nasema shikamoo.

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Mimi niliwaambia kwa mdomo, wakanifukuza kwa mdomo. Wewe umesoma. Andika."

Kesho yake nikaenda ofisini kwa mtendaji wa kata. Alinisikiliza huku akichokonoa simu. Akasema mambo ya mwalo tuyamalize kienyeji, kwamba serikali haina kifungu cha mafiga. Nikamwambia basi aniandikie hayo kwenye karatasi na asaini. Akaweka simu chini. Akanisukumia kalamu.

"Andika wewe. Kwa kifupi. Na usitukane watu."

Nikaandika palepale kwenye kona ya meza yake, mtoto akinyonya. Sikutukana. Alisoma mara mbili, akagonga muhuri, nikadai nakala na ile nakala nayo ikagongwa. Nilichoandika ni hiki:

"YAH: MALALAMIKO YA KUNYANG'ANYWA NAFASI YA MOTO KATIKA BANDA LA UMMA

Mimi ni mkaushaji wa samaki katika mwalo wetu. Nalalamika kwamba mwalo ulipofunguliwa, nafasi ziligawiwa kwa waliokuwepo siku moja, nikiwa ndani na mtoto mchanga, na mwakilishi wangu akakataliwa. Vifaa vyangu vilichukuliwa bila kuniambia. Nafasi yangu amepewa mtu asiyefanya kazi hiyo, naye ananikodisha. Banda ni la umma, halikodishwi na mtu binafsi.

Kuhusu ndoo: niliimwaga mimi, kwa makusudi. Nitanunua nyingine. Siombi radhi.

Ninaomba mambo matatu. Nirudishiwe nafasi yangu. Ukodishaji ukomeshwe. Na wale wenzangu wawili walioachwa nje, mfiwa na mgonjwa, waitwe wasikilizwe, kwa sababu wao wanaogopa kuandika.

Wakati nasubiri majibu sina mahali pa kukaushia samaki, na nina mtoto wa kulisha. Naomba jambo hili lishughulikiwe kwa kuzingatia hilo.

Ni mimi mlalamikaji."