Mtoto Asiyeliliwa

Mama yangu aliwalilia watu wote wa kambi yetu isipokuwa mtoto wake mwenyewe. Ndivyo watu walivyosema, na kila nilipowasikia nilikasirika, kwa sababu mimi nilikuwepo na wengi wao hawakuwepo.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, Elisabethville, miaka ya thelathini. Wazazi wangu walitoka kaskazini mwa Katanga, walikobatizwa na mapadri kabla ya kushuka mjini. Majirani walitoka kila upande, wengi hawana ndugu hapa, na mtu asiye na ndugu akifiwa, nani atamchotea maji? Mama. Hakutumwa na mtu wala hakulipwa na mtu. Akisikia kilio alikaza nguo kiunoni, akaweka beseni kichwani na kwenda, sufuria akaiacha jikoni. Aliosha maiti za wanawake, alipikia waombolezaji, kisha alikaa mkekani na mfiwa akimsugua mgongo. "Lia, mama, lia," alikuwa akisema. "Machozi si ya kuweka." Huku nyumbani tulikula mboga zilizoungua. Mimi, mtoto mkubwa, nilinung'unika waziwazi, na nilichapwa kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja.

Baada yangu walikuja wavulana watatu, kisha wasichana mapacha, mapasa kama tunavyosema kwetu. Walikuwa na miaka minne surua ilipoingia kambini. Iliwashika wote wawili juma moja, na Ijumaa asubuhi yule wa kwanza kuzaliwa alikufa mikononi mwa mama. Wa pili alikuwa amelala hatua tatu kutoka pale, macho yamegandamana, pumzi inakwaruza.

Kwetu pasa akifa haliliwi. Ukimlilia, mwenzake atasikia na kumfuata. Badala ya kilio mnaimba nyimbo za mapasa, zile za matusi na vicheko, ambazo siku nyingine mama angetuchapa kwa kuzitaja. Alimfunika mtoto shuka, akatoka uani, akawakabili wanawake waliokwishaanza kukusanyika.

"Hapa hakuna kilio," alisema. "Ile ingine iko muzima. Mwenye anashindwa kujikaza, aende kwake."

Hakuna aliyeondoka. Walikuwa wale wale aliowasugua migongo katika misiba yao. Walikaa chini, wakajiziba midomo kwa nguo. Msiba wa kwetu husikika hadi barabara ya tatu, lakini siku ile niliwasikia kuku wakiparua majivu. Ndipo mama akaanza kuimba, kwa sauti kavu. Wimbo ulimtukana baba maungo yake mbele yake mwenyewe, naye akainama akitazama viatu. Wanawake wakaitikia. Mmoja aliangua kicheko, kicheko kikamgeukia kooni, akakimbilia chooni asionekane. Mwalimu wa dini alikuja kutusalia, akasimama mlangoni pa ua, akasikiliza ubeti mmoja na kuondoka. Alasiri wanaume walikwenda kumzika mtoto.

Jumapili mchana tulikuwa tunakula. Baba akarudisha tonge sahanini.

"Nilituma habari Kasenga," alimwambia mama. "Kwa dreva wa kamyo ya samaki. Aambie mukubwa yako."

Dada mkubwa wa mama alikuwa ameolewa huko Kasenga, kando ya Luapula.

"Ulimuambia nini?"

"Nilisema mutoto amekufa."

"Mutoto gani?"

Baba akasukuma sahani kando. Katika uchungu wake alikuwa amesema mtoto tu, na watoto tulikuwa sita. Mama mkubwa angefika kama kila mtu anavyofika msibani, mikono kichwani, akipiga yowe tangu njiani. Na siku ile ndiyo ilikuwa siku ya lori la samaki kuingia kutoka Kasenga. Mdogo wangu, yule pacha aliyebaki, bado alikuwa anaungua kwa homa nyuma ya pazia.

Mama alinishika bega. "Kimbia. Umuzuie ku barabara. Hata kama ni kumuziba kinywa, muzibe."

Nilikimbia hadi lori linaposimama, nikakuta limeshafika na watu wanateremsha vikapu. Mama mkubwa hayupo. Mwanamke mmoja akaniambia amepita njia ya mkato, nyuma ya nyumba. Nikageuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua hesabu moja tu wakati ule: nikichelewa, mdogo wangu atakufa, na atakuwa amekufa kwa miguu yangu. Nilimwona mgongo katika mstari wetu wa nyumba, zimebaki kama kumi kufika kwetu, kikapu kichwani, nguo imekazwa kiunoni. Nilimwita. Hakusikia. Akashusha kikapu, akaweka mikono kichwani, akafungua kinywa.

"Maweee! Mutoto wangu!"

Nilimrukia kwa nyuma kabla hajavuta pumzi ya pili, nikamtia mkono kinywani. Mkubwa kama yule, mtu ambaye nilipaswa kumsalimia kwa kupiga magoti! Aliniuma hasa. Tukaanguka wote wawili juu ya kikapu.

"Ni pasa!" nilimwambia sikioni. "Mama mukubwa, ni pasa! Ile ingine iko mu nyumba!"

Meno yakaachia. Alikaa vumbini katikati ya samaki wakavu, akaisokomeza ncha ya nguo yake mdomoni, na mabega yake yakatikisika muda mrefu bila sauti. Kisha akafuta uso. Tuliokota samaki mmoja mmoja, mimi kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili ulikuwa unatoka damu. Akaingia uani kwetu akiimba wimbo mchafu kuliko wote ulioimbwa tangu Ijumaa.

"Alilia?" mama aliniuliza mlangoni.

"Hapana," nikasema.

Siku tatu nilikaa kando ya kitanda nikitazama kifua cha mdogo wangu kikipanda na kushuka. Nilimchukia mama mkubwa kwa sauti yake, nilimchukia baba kwa ulimi wake mfupi, na Mungu pia, kidogo. Homa ilipanda. Siku ya pili alifumbua macho akauliza mwenzake yuko wapi.

"Ameenda kuchota maji," mama alijibu.

"Anakawia."

Mama alitoka nje akashika shoka. Alipasua kuni za juma zima, akaendelea na gogo ambalo baba alikuwa amelikatia tamaa. Nilihesabu mapigo ya shoka kwa sababu niliogopa kuhesabu pumzi.

Siku ya nne mdogo wangu aliomba bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga, amenipa mgongo.

"Mama mukubwa yako iko na sauti ya nguvu," alisema bila kugeuka. "Nilimusikia."

Siku zote zile alijua kwamba nimemdanganya, akakaa na hofu yake peke yake, hakunigombeza. Sikuweza kumtazama hadi jioni.

Kwa zile nyimbo, mwalimu wa dini alimtoa katika wanawake waliosafisha kanisa. Mama hakubishana. Kila Jumamosi alikwenda kufagia uwanja wa nje, ambako hakuna mwenye ufunguo wa kumfungia. Na misibani alibadilika. Zamani aliwaliza wengine, sasa alilia yeye, kuliko mfiwa, katika misiba ya watu asiowajua, katika kambi za mbali alikokwenda kwa miguu. Wanawake walisema ana moyo wa huruma kupita kiasi. Mimi nilijua anamlilia mtoto gani. Alipomaliza alinawa uso bombani, akangoja macho yapoe, ndipo akaingia nyumbani alikokuwa mdogo wangu. Miaka nenda, miaka rudi. Nilimwonea huruma, na mara nyingine nilitaka kumtikisa mabega.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini mdogo wangu alikuwa ameolewa. Alikuwa amesomeshwa na masista, na mambo ya mapasa aliyaita ujinga wa kijijini. Siku moja alikuja kututembelea na mtoto wake wa kwanza. Mama alikuwa ametoka msibani, na macho yalikuwa hayajapoa vizuri.

"Mama," mdogo wangu alisema, "unalilia batoto ya bengine kila siku. Mwenzangu, hata chozi moja, hapana. Bananiambia mulikuwa munacheka. Haukumupenda?"

"Ni desturi," nilidakia.

"Desturi! Mama mwenye kupenda analia hata mu kujificha."

Mama alikuwa anasonga bukari. Mwiko ulisimama. Nilifungua mdomo niseme kila kitu, akanikanyaga mguu kwa nguvu.

"Nilikuwa na kazi mingi," alisema.

Mdogo wangu alimfunga mtoto mgongoni akaondoka bila kula. Nilimfokea mama kama sijawahi kumfokea mtu.

"Yulu ya nini haumuambie? Muambie vile unamuliliaka kule ku bilio ya bantu! Amekomaa, iko na bwana, iko na mutoto!"

"Nikimuambia, nitalia mbele yake."

"Basi ulie! Mama, ile mambo ni ya zamani."

Aliutazama mlango ambao mdogo wangu alikuwa ametokea.

"Na kama ni kweli?" alisema. "We unajua? Mi sijui. Muache anichukie. Iko muzima."

Kisha akapakua, tukala sisi wawili bukari iliyopikwa kwa watu watatu.