Mnunuzi wa Karanga za Paulina

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wangu Paulina alinipa uji wa uwele, akaniambia nivae shati jeupe. Tunakwenda benki, Dodoma mjini. Baada ya siku ile kifua kilimlaza, na hakuinuka tena vizuri.

Alitaka mkopo wa nyumba. Kulikuwa na moja Nzuguni inauzwa, na sisi tumepanga nyumba za watu tangu tuoane. Benki ikasema sawa, ila athibitishe kipato.

Kipato chake kilikuwa karanga. Alilima Buigiri, akauza mjini. Kwetu shamba la karanga ni la mke, mume haulizi limetoa nini. Sikuwahi kuuliza. Niliona ndiyo heshima.

Binti wa benki, Edina, akanisalimia.

"Shikamoo, babu. Bibi anapata kiasi gani kwa mwezi?"

"Marahaba. Sijui."

"Hata kukadiria?"

"Si shamba langu."

Paulina akasema, "Anayejua yuko hapo nje."

Akaingia Hamidi, mfanyabiashara wa soko la Majengo anayenunua karanga zake. Kanzu safi, ananukia. Akamwaga stakabadhi mezani, akaanza. Mwezi gani Paulina anauza sana. Mwezi gani hauzi, kifua kinambana. Mimi nalala naye kitanda kimoja, na habari ya kifua kumzuia kuuza naisikia kwa Hamidi! Tena anamwita Paulina. Mimi tangu tupate mtoto namwita Mama Gideoni.

"Huyu mama hapunji kipimo," akasema. "Ningemwona mapema, mzee, ungelala na njaa!"

Edina akacheka. Paulina naye akacheka. Nyumbani hakuwa anacheka vile.

Edina akanisogezea wino. Nyumba ya kukopea, mume lazima aridhie. Bila dole gumba langu mkopo hautoki. Nikatia mkono mfukoni.

"Mzee, wino hauumi," akasema Hamidi.

"Nyamaza. Kwani dole ni lako?"

"Babu," Edina akasema, "usipoweka, naandika mume amekataa."

Mkono nikauacha mfukoni.

Nyumba tuliipata. Paulina aliingia humo akiwa amebebwa na dada zake. Msibani Hamidi alilia mpaka watu wakamshika. Mimi sikulia vile, na nikamwonea wivu hata kwa hilo. Watu wananiambia, mzee, mtu mwenyewe hayupo, wivu wa nini? Nikipita Majengo nazunguka nyuma, nisilione duka lake.

Lakini siku ile benki, mke wangu aliutoa mkono wangu mfukoni mbele yao, taratibu, akaushika. Akasema:

"Hamidi nimemwonyesha karanga tu, Baba Gideoni. Lete hilo dole, tuhame kabla ya mvua."