Lulu Ndani ya Siki

Sonara mzee hakuwahi kulowesha lulu. Alizipangusa moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, akizipulizia kama apozaye chai ya mtoto, huku akinung'unika kwamba watu wa siku hizi husugua vito kama masufuria. Leo msichana akamfungulia leso.

"Babu, ni mkufu wa bibi. Niliuazima bila kumwambia, nikaulowesha kwenye siki ung'ae."

Lulu zilikuwa zimepauka kama chokaa. Kitambaa kikamponyoka mzee. "Siki? Makubwa haya! Lulu nilizozitunga mwenyewe, fundo kwa fundo!"

Msichana akaangua kilio. Sonara, ambaye kwa miaka arobaini hakukiri kosa hata moja, akaufunika mkufu kwa kiganja.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Mwambie bibi yako nimeziharibu mimi."