Nyayo Nne za Masizi

Niliporudi Kivinje mwaka huu, ndugu yangu, nilirudi na diploma ya mitambo. Nimeipata kwa jasho langu na sioni haya kuitaja. Nyumba yetu niliikuta imefungwa, na mlango wa uani umeegemezwa chuma ninachokijua. Nikaketi kizingitini. Siku hizi miguu inachoka upesi.

Chuma hicho ni silinda hedi, kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini. Utotoni mwangu, enzi za Mwingereza, uani kwetu zilikuwa mbili: moja ya lori la mjomba, nyingine ya lori bovu alilolinunua kwa ajili ya vipuri. Fundi alikuwa amefungua injini ya lori la mjomba ili abadili gasketi, ile shaba nyembamba inayokaa kati ya injini na kifuniko hicho. Tulikuwa nayo mpya moja tu, na gasketi ikishabanwa mara moja haifai tena. Kesho yake lori lilikuwa linipeleke Lindi, shule ya serikali. Mawingu yalishatanda. Mto Mbwemkuru ukijaa hakuna gari lipitalo, na nafasi yangu angepewa mwingine.

Nayo Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Bibi hakukubali mwezi mtukufu uingie katika nyumba yenye masizi. Asubuhi hiyo yeye na majirani walikaa uani na jivu, mchanga na makumbi ya nazi, wakasugua sufuria huku kunde za nazi zikitokota jikoni. Sufuria zilipokwisha, wakazivamia silinda hedi zote mbili. Fundi alipokuja alizikuta zinang'aa kama sinia za harusi. Alama ya chaki aliyoitia ile ya lori letu imekwenda, masizi yamekwenda, kutu imekwenda.

"Bibi, umenimaliza!"

"Nimekusafishia bure, hata asante huna?"

"Sasa ipi ya lori letu?"

"Chuma chako, waniuliza mimi? Mimi sufuria zangu nazijua hata gizani."

Majirani wakacheka. Mjomba hakucheka. Urefu ulikuwa mmoja, tundu za bolti zile zile. Tofauti ilikuwa upande wa chini tu, penye mabonde manne yenye umbo la unyayo. Silinda hedi moja ilikuwa na visigino vyembamba, nyingine vipana. Lakini ipi yetu? Ukikosea, valvu, vile vijilango vinavyopanda na kushuka ndani ya injini, zinagonga chuma, na safari imekwisha.

"Mtoto atangoja mwakani," mjomba akasema. Bibi akaliweka kumbi chini.

Fundi akafunua gunia lililofunika injini, akachovya kitambaa katika mafuta ya taa ili aifute. Hapo nikaona.

"Usifute, fundi!"

"We! Leo wewe ndiye fundi?"

"Tazama nyayo!"

Juu ya injini, mahali ambapo jivu la Bibi halikufika, moto ulikuwa umechora kwa masizi nyayo nne, zenye visigino vyembamba. Tukalinganisha. Ndizo. Sitajifanya mnyenyekevu: watu wazima wote walikuwa pale, na jicho lililoona lilikuwa langu.

"Kumbe hata masizi yana kazi," Bibi akasema, akaingia jikoni kunifungia kunde za safari.

Tuliondoka alfajiri. Bibi alisimama hapa hapa mlangoni, mikono yake bado inanuka jivu. Niliporudi mara ya kwanza, sikumkuta.

Leo nimekigeuza chuma hiki. Visigino vipana: ni ile ya lori bovu. Nyayo zimejaa kutu. Nipe silinda hedi yoyote nami nitakwambia kwa macho tu ni ya injini gani, lakini hapa hakuna wa kunicheka wala wa kunisifu. Nimetafuta kumbi uani nisugue, nimekosa. Hata minazi haipo. Na keshokutwa mwezi unaandama.