Upepo Tu

Mkalimani wa daktari wa Kichina hapa Makambako huanza siku kwa kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitenge kilichokunjwa. Kwa daktari wake, magonjwa huletwa na upepo, baridi, unyevu, hasira na huzuni, na mji huu upepo haupumziki. Lakini neno "upepo" mkalimani hawatajii wagonjwa, maana mzee mmoja wa usharika aliwahi kuinuka akaondoka, akidhani ameambiwa ana pepo. Yeye husema, "Ulipigwa na baridi, baba." Hasira nayo ameitafutia njia. Mtu wa huku ukimuuliza kama ana hasira atakataa, kwa hiyo yeye huuliza, "Nani amekukosea?" kisha huweka kalamu chini, kwa sababu jibu huwa refu.

Mimi huja kila Jumanne kwa ajili ya goti, na maneno mawili matatu ya daktari nimeshayashika. Jana mkalimani alikohoa asubuhi nzima. Daktari akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akapima mapigo, akatamka neno moja.

"Amesemaje, dada?" akauliza Mama Ebeneza, mgonjwa mwenzangu, kutoka kwenye benchi.

Mkalimani akashusha mkono wa sweta. "Upepo tu, mama. Nifungie huo mlango."

Mlango ulikuwa umefungwa. Na upepo ni "feng". Daktari hulisema akinyooshea mlango kidole. Neno la jana nililisikia wiki iliyopita, mkalimani alipomweleza mjane wa Ilembula kwamba kifua chake kinaumwa huzuni.