Herufi ya Mia Moja Sitini na Mbili

Nilirudi Bunia na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki, na hakuna mtu aliyenisaidia kuipata. Nasema hivyo bila haya. Nilitoka mtaani Mudzipela nikiwa muuza kadi za simu. Kampala nilifagia duka la kompyuta hadi mwenye duka alipochoka kunikuta nasoma kwenye mashine zake, akanipa moja iliyokufa. Niliifufua. Kwenye mashine hiyo nilijifunza C, lugha ya kuandikia programu, na kwa lugha hiyo nikaingia shule, nikamaliza wa pili katika darasa letu, kisha nikafanya kazi miaka sita katika ofisi ambamo Wazungu wawili walikuwa chini yangu. Leo diploma iko ukutani, katika chumba changu cha kazi mtaani Rwambuzi, kwenye fremu niliyoichonga mwenyewe. Mteja akiingia anaiona kabla ya kuniona mimi.

Kazi yangu ni kutafuta matundu. C ni lugha ya zamani isiyomlinda mtu. Ukiiambia imimine lita kumi katika kidumu cha lita tano, itamimina zote, na zinazozidi zitaingia katika chombo kilicho jirani, hata kama ndani yake mlikuwa na kitu cha maana. Mtu mwenye nia mbaya akijua kidumu kiko wapi, anaweza kuchagua ni nini kimwagike ndani ya chombo cha jirani. Kwa hiyo kuna programu inayosoma programu nyingine bila kuiwasha. Inafuata kila kinachoingia kutoka nje, hatua kwa hatua, kutoka faili moja hadi nyingine, na inapoona kidumu kidogo kuliko kinachomiminwa, inaandika onyo. Inaandika maonyo mengi kupita kiasi, na mengi ni ya bure. Kujua lipi la bure na lipi la kweli ndiyo kazi yenyewe, na mjini kwetu sijakutana na mwingine anayeifanya.

Ndiyo sababu daktari mkuu wa zone ya afya aliniita mimi. Katika kituo kimoja cha afya chanjo zote za mwezi zilikuwa zimeharibika. Frigo, yaani jokofu la chanjo, ilikuwa na mashine ndogo, ukubwa wa redio, yenye kadi ya simu ndani. Joto likipanda, mashine inamtumia mesaji titulaire, muuguzi mkuu wa kituo, na yeye akitaka kujua hali ya frigo anaitumia neno HALI, nayo inamjibu. Jumapili moja umeme ulikatika, frigo ikapata joto, na mashine haikumwambia mtu. Ilikuwa inawaka taa yake ya kijani kama kawaida. Walipofungua mipangilio yake, mahali palipopaswa kuwa na namba ya simu ya muuguzi palikuwa na maneno haya: kanisa. HALI.

Daktari alinionyesha kwenye kioo cha mashine.

“Ona, ingénieur. Mama titulaire aliondoa namba yake, akaandika kanisa. Hakutaka mashine imusumbue siku ya Mungu.”

“Nani mwingine yuko na kode ya siri ya kubadilisha namba?”

“Yeye peke yake. Fundi aliyetengeneza hii kitu alihamia Butembo, kode alimwachia yeye. Mimi nataka tu uniandikie kama mashine inaweza kujiharibu yenyewe. Kama haiwezi, tutajua ni mutu.”

Nilielewa alichoniomba. Kama mashine ilikuwa salama, muuguzi yule, aliyekiongoza kituo miaka kumi na moja, angeondolewa. Kikao kilipangwa siku ya Ijumaa. Fundi wa Butembo alinitumia faili zake zote, nikaziingiza katika programu yangu ya uchambuzi Jumanne asubuhi. Yalitoka maonyo sitini na moja. Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimeyamaliza. Mengine yalikuwa kuhusu vigezo visivyotumika, mengine kuhusu mambo ambayo hayawezi kutokea. Moja lilisema kwamba mesaji inayoingia kutoka nje inanakiliwa katika nafasi ya herufi mia moja sitini na alama yake ya mwisho bila kupimwa urefu. Onyo hilo lilikuwa na njia ya hatua saba. Nilifungua hatua ya saba. Juu ya mstari huo fundi alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba mesaji ya simu haizidi herufi mia moja sitini. Alikuwa sahihi, na mimi nilijua hivyo tangu nilipokuwa nauza kadi. Nikaweka alama ya bure, nikaendelea.

Ripoti yangu ilikuwa na kurasa tatu, kwa Kifaransa safi. Niliandika kwamba programu haina tundu linaloweza kubadilisha namba, kwamba namba ilibadilishwa na mtu mwenye kode, na kwamba neno HALI linaonyesha alikosea mahali pa kuandika amri. Daktari alituma nakala kwenye ofisi ya mkoa siku ileile.

Alhamisi asubuhi muuguzi alikuja Rwambuzi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye asili ya upande wa Beni, amevaa bado koti lake jeupe. Alitazama diploma ukutani, akaisoma yote, kisha akakaa.

“Njo weye uliandika rapport?”

“Ndiyo, Mama.”

“Unaniona niko na sura ya mutu wa kuandika kanisa ndani ya mashine?”

“Mama, mimi siangalie sura. Mimi naangalia code.”

“Ehe. Na hiyo code yako ilikuambia ni miye?”

“Iliniambia haikujiharibu yenyewe.”

“Basi uiulize tena, juu miye sikugusa kitu. Siku ya posho niliituma HALI, ikanijibu frigo iko muzuri. Nikaenda kulala na roho chini, bila wasiwasi.”

Nilimwambia mtu akituma HALI peke yake hawezi kuharibu chochote, ni herufi nne. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

“HALI peke yake? Unatumia batu mesaji namna hiyo, bila kusalimia?”

“Mama, ile si mutu. Ni mashine.”

“Ninajua ni mashine, mwanangu. Miye si mujinga. Lakini mu simu yangu iko mu liste ya kazi, pamoja na batitulaire benzangu. Ninatuma mara moja kwa wote. Benzangu bananijibu hali ya frigo zabo, na mashine inanijibu ya kwangu. Sasa unataka niandikie batu bakubwa HALI, kavu hivyo? Batasema nimeanza kiburi tangu banipe mashine.”

“Nionyeshe mesaji ya hiyo Jumamosi.”

Alinipa simu. Mesaji ilikuwa hii: “Jambo baba na mama ba kazi. Mulilala je? Batoto banaamuka muzuri? Siye ku nyumba tuko salama, homa ya mwana imeisha. Mungu abariki kazi yenu yote. Kesho tuko ku kanisa. HALI”

Nilihesabu kwa kidole, nafasi na nukta zikiwemo. Herufi mia moja sabini na tatu. Simu yoyote ikipewa maneno mengi hivyo inayakata vipande viwili, na upande wa pili vinaunganishwa. Nilifungua tena lile onyo nililoliita la bure, safari hii kuanzia hatua ya kwanza. Hatua ya tatu ilikuwa ndani ya faili ambayo fundi aliichukua kwingine bila kuisoma, na kazi ya faili hiyo ilikuwa moja tu, kuunganisha vipande. Kwa hiyo kilichofika hatua ya saba kiliweza kuwa kirefu kuliko kidumu. Na chombo cha jirani, katika mpangilio wa kumbukumbu, kilikuwa namba ya simu ya tahadhari. Kidumu kilikuwa na nafasi mia moja sitini na moja, pamoja na ile ya alama ya mwisho, kwa hiyo herufi ya kwanza ya kumwagika ni ya mia moja sitini na mbili. Niliihesabu mara mbili. Ilikuwa k ya kanisa.

Programu ilikuwa imeniambia yote haya Jumanne. Mimi ndiye niliyesoma mwisho wa njia na kuacha mwanzo wake, kwa sababu mwisho nilikuwa naujua. Sikuwa na wa kumlaumu. Kompyuta za watu wengi nimezikagua na bado sijawahi kukosa tundu mara mbili. Hili nililikosa mara moja.

“Sasa?” muuguzi aliuliza.

“Mesaji yako ilikuwa ndefu. Ilifuta namba.”

“Kwa hiyo ni salamu yangu njo iliua chanjo.”

“Hapana, Mama. Mashine haikupima. Mutu yeyote anayejua namba yake, hata akiwa Kinshasa, anaweza kuandika namba anayotaka mule ndani. Si lazima asalimie.”

Alichukua simu yake. “Na utasema hivyo kesho mbele ya docteur? Juu umekwisha kusema ingine.”

Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Ningeweza kurekebisha mstari mmoja kimya kimya na kuacha kurasa tatu zisimame. Hakuna mtu katika kikao hicho angejua tofauti. Lakini watu wangu wa zamani, wale waliokuwa chini yangu, wangejua kama wangeisoma siku moja, na sikupata diploma ili niogope kusomwa.

Ijumaa walikuwa watano mezani, na mashine mbele yao, namba ya muuguzi ikiwa imerudishwa. Nilisema ripoti yangu ina kosa na kwamba kosa ni langu. Daktari alivua miwani.

“Ingénieur, juzi uliandika mashine ni safi kabisa. Leo iko na tundu. Kesho utatuambia iko na mimba?”

Wenzake walicheka. Muuguzi hakucheka. Nilimwomba daktari achukue simu yake mwenyewe, aandike salamu kwa mashine kama anavyowaandikia wakubwa wake wa mkoa, amalize na neno HALI. Hana kode ya siri, na alijua hana. Aliandika kwa muda mrefu, kwa sababu ni mtu wa heshima. Mashine ilimjibu joto vizuri sana. Kisha nikafungua mipangilio mbele yake. Mahali pa namba palikuwa pamekaa maneno yake: heshima zangu. HALI.

Alisoma, akampa jirani yake asome, mashine ikazunguka meza nzima.

“Sasa na miye nimefuta namba ya Mama,” daktari alisema taratibu.

“Ndiyo, Docteur.”

“Bila kode.”

“Bila kode.”

Waliamua muuguzi abaki kazini, na mashine zote za aina hiyo zilizokuwa zikingoja kupelekwa vituo vya Aveba zisitumwe mpaka nizirekebishe. Kurekebisha kulinichukua mistari miwili, mmoja wa kupima urefu na mmoja wa kukataa kinachozidi. Niliipitisha tena programu ya uchambuzi na safari hii nilisoma kila njia kuanzia hatua ya kwanza, ya maonyo yote sitini yaliyobaki. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, na naweza kuiweka mbele ya mtu yeyote.

Lakini siku ile ya kikao muuguzi hakuondoka na wengine. Alinisubiri mlangoni.

“Rapport ya kwanza ilifika ku mkoa?”

“Ilifika.”

“Na jina langu mule ndani.”

“Ndiyo.”

“Basi ya pili haitatumwa. Tutaipeleka sisi wenyewe.”

Nilikuwa na mteja saa nane. Sikumwambia muuguzi. Niliandika kurasa mbili pale pale kwenye kompyuta ya daktari, daktari akatia sahihi, tukapanda pikipiki moja, mimi katikati, muuguzi nyuma na mkoba wake mapajani. Katika ofisi ya mkoa katibu alitaka kuiweka ripoti juu ya rundo. Muuguzi alimwomba atafute ile ya kwanza, azifunge pamoja kwa pini, ya pili ikiwa juu, kisha apige muhuri kwenye nakala yake. Alisoma mstari unaomtaja, kidole juu ya karatasi, polepole, mpaka mwisho. Akakunja nakala mara nne, akaitia ndani ya koti.

Nje alipanda ileile pikipiki iliyotuleta.

“Kina mama ba chanjo bananingojea,” alisema.

Mimi nilirudi Rwambuzi kwa miguu.